Mume Aliyenihesabia Pumzi

Kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu, katika ukumbi mmoja wa Usa River, mume wangu aliwachezesha wageni mchezo wa kutambua sauti. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini Jumamosi ni mshereheshaji, na kuanzia Tengeru mpaka mjini watu wanamsifu kwamba ana maneno. Alisogeza simu yake kwenye kipaza sauti, akasema atakayepatia atapewa kreti la soda. Spika zikanguruma. Mmoja akasema trekta. Mwingine akasema mashine ya kusaga. Mzee wa meza ya mbele akasema nyati, tena nyati aliyejeruhiwa, na ukumbi mzima ukamshangilia. Kisha sauti ikakatika. Kukawa kimya kirefu, halafu ikarudi kwa mkwaruzo, kama mtu anayetolewa majini kwa kuvutwa nywele.

"Mmeshindwa wote," mume wangu alisema. "Huyo ni mke wangu wa ndoa. Simama, mama, wakuone."

Nilisimama. Nilipunga mkono nikacheka, maana usipocheka unaambiwa unaharibu shughuli ya watu. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, naye alicheka, kisha akainamia sahani yake.

Wakati ule nilikuwa supavaiza kwenye shamba la maua. Kazi yangu ilikuwa kusimamia wanawake wanaopanga mawaridi kwa urefu na kuondoa yenye doa kabla hayajapelekwa uwanja wa ndege. Ni kazi ya macho, na macho yangu yalikuwa yameniasi. Nilikuwa naamka na kichwa kizito kama niliyekunywa pombe ya mbege usiku kucha. Kufika saa tano asubuhi nilikuwa nasinzia nimesimama. Wanawake niliowasimamia walinipa jina la Mama Mto, wakaenda kulitumia hata mbele ya meneja. Meneja aliniita ofisini, akaniambia cheo changu amempa msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe, na kwamba nishukuru kubaki kwenye meza ya kupanga maua.

Nyumbani nilisema nimechoka. Mume wangu akasema, "Mtu analala kuliko mbuzi aliyeshiba, halafu anasema amechoka."

Hata mimi niliamini ni uvivu. Na nilijua kukoroma kulivyo kichekesho. Mama yangu mzazi alikoroma hivyo hivyo, kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, juu mlimani. Sisi watoto tulikuwa tunanyemelea kitanda chake na kumwekea punje ya mahindi mdomoni, tuone itaruka umbali gani. Ambaye punje yake iliruka mbali ndiye aliyeshinda, ingawa aliyerusha ni mama. Asubuhi moja hakuamka. Wanawake waliokuja kumwosha walisema amekabwa na jinamizi, nasi tukakubali. Sijawahi kumwambia mtu habari za zile punje.

Siku iliyonipeleka kwa daktari nilisinzia na kisu cha kukatia vikonyo mkononi. Kilipita kwenye kiganja mpaka nikaona nyama nyeupe. Kwenye zahanati, muuguzi alinilaza aanze kunishona, na mimi, na mkono wangu unavuja damu, nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa kwa kofi la shavu. Muuguzi alikuwa ameniinamia, jasho linamtoka.

"Mama, umeacha kupumua," alisema. "Mara mbili, hapa hapa mbele yangu. Nyumbani hawajawahi kukuambia?"

Nilimwambia nakoroma tu.

"Hukoromi tu," alisema, akanipa barua ya kwenda kwa daktari mjini.

Daktari huyo alinipa kifaa kidogo cha kufunga kifuani na kidoleni, nikalala nacho nyumbani usiku mmoja, nikamrudishia. Aliposoma majibu alisema koo langu linajifunga nikilala. Pumzi inakatika, ubongo unashtuka na kuniamsha bila mimi kujua, na hivyo usiku mzima. Ndiyo maana mchana nilikuwa kama maiti inayotembea. Akasema nimlete mume wangu, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hajioni, shahidi wake ni anayelala naye.

Mume wangu alikuja amevaa suti ya harusini. Alimsalimia daktari kwa mzaha, akamwuliza kama ana dawa ya kuzima trekta.

"Mwalimu," daktari alisema, "umewahi kumwona mama akiacha kupumua usingizini?"

"Mbona sana."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yetu yuko darasa la pili, la tatu."

Hesabu ilikuwa rahisi. Binti alikuwa kidato cha pili.

"Ulikuwa unamwamsha?"

"Mwanzoni nilikuwa namsukuma. Baadaye nikaacha." Alirekebisha tai yake. Namjua, hivyo ndivyo anavyofanya kabla ya kichekesho. "Daktari, elewa. Mtu anakunguruma saa nzima, halafu kimya. Ule ukimya ni mtamu! Nilikuwa nauombea uendelee, na mimi nipate lepe la usingizi."

Daktari hakucheka. "Na kama asingerudi?"

"Anarudi huyo. Kuna siku nilianza kuhesabu nione atafika ngapi. Nikahesabu, nikahesabu, nikasema, basi leo amekwenda."

"Ukafanya nini?"

"Nikasubiri," mume wangu alisema.

Daktari aliweka kalamu mezani. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha magurudumu. Nilimtazama mume wangu nikitegemea amalizie, maana vichekesho vyake vyote vina mwisho, lakini huo ndio ulikuwa mwisho.

Kwenye gari nilimwuliza, "Ulifika ngapi?"

"Nini?"

"Ulipohesabu."

"Achana na hayo. Ulikuwa utani." Akawasha redio.

Daktari aliandika kwamba nahitaji mashine inayosukuma hewa kooni ili lisijifunge. Nilikwenda kuichagua peke yangu, kwenye duka la vifaa vya hospitali huko Levolosi mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi cherehani. Mhudumu alikuwa mwanamke mwenye umri kama wangu, asiye na maneno mengi. Alisoma barua ya daktari, akanionyesha mashine mbili. Moja ilisukuma hewa kwa nguvu ileile kuanzia jioni hadi asubuhi. Nyingine ilijipima yenyewe, ikaongeza koo linapobana na kupunguza linapoachia. Nilichukua inayojipima. Nilijiambia kwamba angalau kitu kimoja chumbani mle kiwe kinanisikiliza.

Barakoa ndiyo iliyotuchukua muda. Alizipanga mezani. Kulikuwa na ndogo yenye vipira viwili vya kuingia puani, nikaipenda kwa sababu haikuficha sura. Aliniambia nifunge mdomo nipumue kwa pua, nikashindwa. Pua yangu ina vumbi na dawa za maua za miaka mingi.

"Ukilala mdomo utafunguka, na hewa yote itatokea hapo," alisema. "Wewe unahitaji hii ya kufunika pua na mdomo. Najua si nzuri."

Alinipima kwa kipande cha plastiki kuanzia juu ya pua mpaka chini ya mdomo, akasema watu wengi hununua kubwa mno wakidhani itawapa nafasi, kumbe inavuja. Kisha akanilaza kwenye kitanda chembamba cha wagonjwa, akisema barakoa haipimwi mtu akiwa amekaa, uso hubadilika ukilala. Akafunga mikanda, akailegeza kidogo, akapitisha kidole pembeni kuhakikisha haibani. Akawasha. Hewa ilianza polepole, kama mtu anayepuliza uji.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine na nilikuwa nimefunikwa kanga. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamenyamaza. Mhudumu alikuwa amewaambia wasubiri, mama amelala. Niliketi. Kichwa changu kilikuwa chepesi, kitu nilichokuwa nimesahau. Nikaanza kulia, na kamasi likajaa ndani ya barakoa mpya. Aliivua taratibu, akaenda kuiosha.

Nyumbani niliipanga mwenyewe. Mashine juu ya stuli, chini ya usawa wa kitanda. Maji ya tangi lake la mvuke, yale safi yasiyo na chumvi aliyonielekeza mhudumu, maana maji ya kwetu yanaacha ukoko mweupe hata kwenye birika. Betri pembeni, kwa sababu ya umeme wetu. Wiki ya kwanza ilinitesa. Huku kwetu mwinukoni baridi ni kali, mvuke ukawa unageuka maji ndani ya mpira wa hewa na kunimwagikia puani, naamka nikidhani nazama. Nilimpigia mhudumu simu, akaniambia nipitishe mpira chini ya blanketi upate joto. Nilipofanya hivyo, maji yakakoma. Mikanda iliniachia mistari mashavuni, nikaenda nayo kazini, wakasema mwalimu sasa ananipiga.

Mume wangu alikuwa ameshahamia sebuleni tangu usiku wa kwanza wa mashine, kwa madai kwamba mlio wa mashine unamnyima usingizi. Mlio wenyewe ni kama wa mtu anayepumua chumba cha pili. Harusini akapata kichekesho kipya, mke mwenye mkonga.

Kwa kuwa sasa nilikuwa nalala kweli, nilianza kuona. Niliona kwamba chumvi kwenye chakula changu huwa ya kutosha, ni yeye tu anayesema haitoshi. Niliona binti yangu anavyotazama mlango baba yake anapoingia. Nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba ile miaka yote kama mgeni aliyepigwa dawa ya usingizi.

Baada ya miezi mitatu alitaka kurudi chumbani. Nikamwambia hapana. Akaniuliza sababu, nikamwambia anaijua. Wiki iliyofuata aliniletea wazee wawili wa kanisa pamoja na wifi yangu. Niliwapikia loshoro, wakala ndizi na maziwa yangu mpaka wakashiba. Kisha mzee mmoja akaanza kuhusu mke anayemfungia mume mlango.

"Shikamooni tena, wazee wangu," nilisema. "Naomba mwulizeni alichomwambia daktari."

Mume wangu alicheka. "Ule utani?"

Nikawasimulia mwenyewe, bila kupunguza wala kuongeza. Niliishia kwenye neno "nikasubiri". Mzee wa pili alitazama kofia yake.

Wifi yangu ndiye aliyezungumza. "Wifi, hujui tulivyoteseka na wewe. Nimelala humu siku za misiba, najua. Hata mimi ningesubiri."

Mume wangu alicheka kwa sauti, na yule mzee wa kwanza, Mungu amsamehe, akatabasamu kabla hajajizuia. Kisha akasema tuombe. Aliomba Mungu anipe mimi moyo wa kusamehe na kunyenyekea. Kuhusu mwenzangu aliomba apewe uvumilivu.

Nilisema amina. Nikakusanya sahani. Walipomaliza chai niliingia chumbani, nikatoa suti zake zote tatu, viatu, na ule mkoba wa vipaza sauti, nikavipanga kwenye kiti cha sebuleni mbele yao.

"Unamfukuza?" wifi aliuliza.

"Sijamfukuza. Nyumba ni yake. Chumba ndicho changu."

Analala sebuleni mpaka leo, kwenye godoro alilonunua Tengeru. Tunasalimiana. Nampikia. Akiumwa homa nampelekea maji, nayaweka chini, natoka. Mara moja aliniomba nikae naye kidogo kwa kuwa kifua kilikuwa kinambana. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa anaogopa kweli, uso umemlegea kama wa mtoto. Nilimpigia dereva wa bodaboda ampeleke zahanati, nikarudi jikoni kuendelea na maharage. Ilikuwa ni mafua makali tu.

Kazini cheo hawakunirudishia. Niko chini ya yule msichana niliyemfundisha, na ananiita mama kwa heshima huku akinipa meza ya mwisho, kule karibu na chumba cha baridi. Nasimama toka asubuhi mpaka jioni bila kusinzia. Waridi lenye doa naliona hata likiwa bado halijafika mezani.