Siku Tulipokausha Kijito

Kiangazi kile vumbi la Kasongo lilitugeuza wote wekundu. Malori ya pamba yalipita tangu asubuhi, soko lilijaa makelele, na hata maji ya mtungi yalikuwa na ladha ya udongo. Watu wa mji walikuwa na dawa yao: wanafungasha chakula, wanatoka kwenda msituni au mtoni kupunga hewa, jioni wanarudi. Na mimi nikaomba ruhusa nikapunge hewa. Lakini shida yangu haikuwa hewa. Nilitaka kumuacha mume.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kushona, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulionichosha. Mama yake akinisema, yeye anainamia cherehani tu, anazungusha gurudumu. Na mama yake alijua kusema. Alikuwa mwanamke wa mji kweli kweli, wa swala tano na mwavuli, na mimi nilizaliwa upande wa Kabambare, Mbangubangu wa kabila, nikasilimu siku ya ndoa. Miaka miwili hakuniita jina. Nilikuwa "ule wa porini". Nikipika, anaonja kwa ncha ya kidole, kisha anasukuma sahani kwa jirani. Nikiimba nyimbo za kwetu jikoni, anasema, "Nyamaza, hapa si porini." Mimi nami si mtu wa kunyamaza bure, kwa hiyo nilikuwa nafunika vyungu kwa kishindo.

Mama yangu mdogo aliolewa kijiji cha mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Wanawake wa kule walikuwa wanakausha kijito: wanakiziba kwa matope na majani, juu na chini, wanachota maji ya katikati kwa vitunga vilivyosukwa kwa kubana, mpaka samaki wanabaki wanarukaruka kwenye tope. Nikasema ninakwenda kuwasaidia. Nikafunga vikwembe vyangu vyote vinne, nguo zote nilizokuwa nazo, nikaweka unga wa muhogo juu yake. Jioni ile sikuwa na nia ya kurudi.

Mlangoni nikamkuta mama mkwe na mwavuli wake.

"Na mimi ninakuja," akasema. "Hewa si ya Mungu? Lete mzigo."

Nikamwambia haifai mama mkwe kumbebea mkamwana mzigo. Akaninyang'anya, akajitwika, akaniambia nishike mwavuli. Nikaushika, nimenuna mpaka mashavu yanauma.

Tulipoacha barabara ya malori na kupita mashamba ya pamba, njia ikaingia chini ya miti. Baridi ikatupokea. Kulikuwa na harufu ya majani mabichi na maji ya karibu, harufu ya kwetu, na nikaona hata mama mkwe amepunguza mwendo, anavuta pumzi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kupumua bila kukohoa.

Kijitoni tuliwakuta wanawake kama kumi, mama mdogo akiwa kati yao. Mama mkwe akaketi juu ya jiwe, akafungua mwavuli ingawa palikuwa na kivuli. Kabla ya kuchota maji kuna desturi: kila mmoja anasema neno linalomkaa moyoni, kisha anachukua maji kinywani na kuyatema. Usiposema, ukuta wa matope hausimami. Mmoja alisema habari ya kuku wake, mwingine habari ya mke mwenzake, tukacheka. Zamu yangu ikafika.

"Mimi sina kitu," nikasema, nikatema.

Tukachota mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Ukuta ukapasuka palepale nilipouziba mimi. Tukautengeneza, ukapasuka tena.

Mama mdogo akanitazama. "Mutu mumoja iko na neno. Mwenye kuficha ugonjwa, kifo kitamuumbua."

"Ni matope mabaya," nikajibu.

Mama mkwe akafunga mwavuli. Akavua viatu, akaingia majini na nguo zake nyeupe za mji. 

"Neno ni langu," akasema. "Mukamwana wangu amefunga nguo zake zote. Nimezibeba tangu mjini, na uzito wa unga peke yake ninaujua. Anataka kumuacha mutoto wangu, na ni mimi ninamufukuza. Ninamuita wa porini. Na mimi? Nilikuwa nachota maji hivi na mama yangu siku watu wa bunduki walipokuja kukamata watumwa. Wakanileta Kasongo nikiwa kimo cha kitunga. Luga ya mama nilipigwa mpaka nikaacha kuisema. Huyu anakuja kuiimba jikoni kwangu, na mimi ninaielewa yote."

Akachukua maji, akatema. Kisha akanitazama.

Nilikuwa nalia. Nikasema, "Ni kweli, nilitaka kukimbia. Sikutaka kusikia sauti yako tena." Nami nikatema.

Akainama, akapanga majani, akayashindilia tope kwa kisigino, haraka, kuliko sisi wote. Ukuta ukasimama. Wanawake wale walisema ni kwa sababu tulisema ukweli. Mimi nadhani kisigino kile kilisaidia sana.

Tulipata kambale na samaki wadogo wengi. Mama mkwe alilowa mpaka kifuani, akaanza kutetemeka, na nguo kavu zilikuwa mahali pamoja tu. Nikafungua mzigo mbele ya watu wote. Nikatoa kikwembe changu cha ndoa, nikamfunga mwenyewe. Nikapika. Alikula sahani nzima, akanyonya na vichwa.

Tulirudi mjini na samaki wa kukaushwa moshi ndani ya mzigo. Mume wangu alimtazama mama yake ndani ya kikwembe changu, akanitazama mimi, akauliza kama hewa ilikuwa nzuri.

"Nzuri," akasema mama yake, akaingia chumbani.

Nikaingia jikoni, nikawasha moto. Nikaanza wimbo wa kwetu, taratibu, nikisubiri kuambiwa ninyamaze. Nikafika kwenye kiitikio, nikasita. Kutoka chumbani akaitikia yeye.