Mkono wa Tekla na Mawe ya Bilauri

Asubuhi ile Tekla alinipa uji kwa mkono wa kushoto, kama siku zote.

"Pokea, unapoa."

Nikapokea. Mgeni angekasirika. Kwetu Tabora, Mkristo kwa Mwislamu, mkono huo ni wa kujisafishia chooni. Haumpi mtu chakula. Mimi nimekula kutoka mkono huo tangu tulipooana, na tumbo halikuniuma.

Akasema karanga za shambani kwetu kule Chemchem zimekomaa, anakwenda kung'oa. Alirudi mapema, ameshika kichwa. Akajilaza mkekani. Hakuamka.

Apolinaria, dada yake, alimwosha na kumvika. Akamkunja mikono kifuani, akamfungia rozari mkono wa kulia. Nikaifungua. Nikaifunga wa kushoto.

"Shemeji," akasema, "maisha yote tumeona aibu. Hata kaburini?"

"Aibu umeona wewe. Yeye hakuona."

"Watu watapita kumuaga."

"Wapite."

Niseme kwa nini sikukubali.

Tekla alizaliwa na shoto. Bibi yake alimfunga mkono huo kwa kamba ya magome, ajifunze kula kwa kulia. Mtoto akainama, akala kwa mdomo kama mbuzi. Aliyechoka kwanza ni bibi. Akamfungua.

Wakati wa vita ya Hitla tulikaa Isevya. Mzungu mmoja alikodi ghala kando ya njia ya zamani ya misafara. Alitaka mawe ya bilauri, yale maangavu kama kioo, yaliyotoka porini upande wa Usinge. Walisema yanatiwa ndani ya simu za upepo za askari.

Jiwe lile lina pande sita na ncha. Chini ya ncha, penye kona, kuna uso mdogo, kama umekatwa kwa kisu, na hakuna aliyeukata. Uso huo ukikaa kulia, jiwe ni la kulia. Ukikaa kushoto, ni la kushoto. Hata ulipindue, halibadiliki. Yanafanana kama mikono yako miwili, lakini moja haliwi jingine. Mzungu aliwaonyesha wanawake aliowaajiri, Tekla mmoja wao, kuyatambua. Akataka kila aina iwe na sanduku lake, maana kila moja hukatwa kwa namna yake. Kisha akaenda zake porini.

Msimamizi alikuwa Raymundi, jirani yetu, tuliyesali naye kanisa moja. Mzungu alipoondoka tu, Raymundi akawaza kama watu wa kwetu wanavyowaza: cha kushoto ni kichafu. Akasema Mzungu ameona haya tu kulitamka. Akaamuru mawe ya kushoto yatupwe uani, kwenye majivu. Wanawake wakatupa. Tekla hakutupa. Aliyapanga mezani, tena kwa mkono ule ule.

"Mama Limbu," Raymundi akamwambia, kwa jina la mwanetu, "tupa hayo. Na humu ndani tumia mkono wa watu. Hutaki, mlango ule pale."

Tekla akamjibu. Wanawake wakacheka hadi wakaweka mawe chini. Akajifunga kanga yake, akatoka.

Mzungu aliporudi aliulizia sanduku la pili. Raymundi akaenda kupekua majivu. Tekla hakuitwa tena, naye hakwenda kuomba. Tulikula mihogo mwaka ule. Sikumlaumu.

Sasa Raymundi ni mzee wa kanisa. Alikuja msibani, akasimama mbele ya maiti, akaitazama rozari.

"Pole, Baba Limbu. Lakini hii irudishe kulia. Siwezi kuongoza sala hivi."

"Basi usiongoze."

"Utamzika kama mtu asiye na kwao?"

"Ana kwao. Umesimama ndani."

"Huzuni imekupanda kichwani, ndugu yangu. Mwache amwendee Mungu kwa mkono wa heshima."

Mimi sina maneno mengi. Nikampa ya Tekla, yale yale aliyomjibu ghalani. Apolinaria akajifunika kanga usoni, mabega yakatikisika, na hakuwa akilia. Raymundi akatoka nje kutafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake. Tukasali wenyewe. Rozari ilishuka kaburini ikiwa mkono wa kushoto.

Wajukuu wameniuliza bibi yao alimwambia nini mtu yule. Alimwambia hivi:

"Raymundi, ziwa la kushoto la mama yako ulilinyonya, au ulimwambia alitupe pamoja na mawe haya?"