Chuma kwa Mbingu, Shaba kwa Adui

Siku hizi watu wa mji wetu wa Majar wakimtaja Chasib fundi bastola wanatikisa kichwa na kusema, "Maskini, alikuwa mtu wa amani." Mtu wa amani! Mtu ambaye nusu ya silaha za mkoa zilipita mikononi mwake! Lakini mimi, niliyeuza malai ya maziwa ya nyati wa kufugwa mlangoni pake tangu mume wangu alipokufa, nawaambia ni kweli, na atakayebisha aje abishane na mimi.

Ni mfupi, ana kitambi kidogo, na vidole vyake hunuka mafuta ya bunduki hata sikukuu. Mteja akileta bastola, Chasib hakuuliza kitu. Aliifungua, akasukuma kidole chake cha mwisho ndani ya tundu la risasi, kule nyuma ya mtutu, akakitoa cheusi, akakinusa. Halafu matusi yakaanza.

"Wewe, umekaangia samaki humu ndani?"

"Fundi, nimepiga juu harusini tu..."

"Harusi ya nani? Ya shetani na binti wa mkaa? Kaa hapo!"

Nikicheka, ananigeukia. "Na wewe Mama Hilali, funika malai yako, inzi wamezaa humo." Nami namjibu kwamba inzi wangu wana adabu kuliko wateja wake. Ndivyo tulivyoishi, ukuta kwa ukuta, asubuhi hadi adhuhuri.

Baada ya jeshi la serikali kuvunjwa zilishuka sokoni risasi za bei ya bure, maganda yake ya chuma yamepakwa rangi ya kijivu. Hapo ndipo yalipoanza mabishano yasiyokwisha. Huyu anasema chuma kinakula bastola. Yule anasema rangi inayeyuka ndani na kuganda kama gundi. Kila mwanamume mwenye masharubu akawa profesa wa risasi. Mwishowe wakazua desturi yao: za chuma unapiga juu, harusini na matangani, na za shaba unazifunga kwenye leso na kuziweka mfukoni kwa siku ya adui. Chuma kwa mbingu, shaba kwa adui. Wakalisema hilo kama vile limeshuka na Jibrili.

Chasib lilimkata maini. "Chuma hakina kosa!" alifoka. "Bastola ikiwa safi inakula chuma kama mkate. Kosa ni lenu nyie wavivu. Ganda la chuma ni gumu, halitanuki vizuri, moshi unarudi nyuma na kulipaka tundu masizi. Sasa wewe umepiga chuma mbinguni mpaka umechoka, hujasafisha, halafu unatia shaba kwa ajili ya adui. Shaba ni laini. Inatanuka, inayakumbatia yale masizi, inang'ang'ania humo. Utapiga moja. Ya pili utaipiga kaburini."

"Fundi anatafuta kazi ya kusafisha," walisema, wakacheka, wakaenda zao.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Thijili mwana wa Mnahi. Kijana mzuri wa sura, sikatai, lakini majivuno yalimtangulia njiani, yeye akafuata. Leso yake ya risasi za shaba ilikuwa ya hariri. Aliifungua mkahawani na kuzipanga mezani kama mwanamke anavyopanga bangili. "Chasib na chuma chake," alisema. "Hizo ni za kuulia kunguru."

Hapo hapakuwa bado na ugomvi. Ugomvi aliuleta Mungu kwa njia ya gari. Sattar, mwana pekee wa Chasib, alikuwa akiendesha gari la kubebea samaki, na asubuhi moja ya ukungu, kwenye daraja, akamgonga mdogo wake Thijili akamuua. Hakukimbia. Alimbeba mwenyewe mpaka kwao, damu imemjaa kifuani, akabisha hodi. Ukoo wa Mnahi ungeweza kumchinja pale pale mlangoni, lakini mzee Mnahi alimtazama akasema, "Aliyekuja na maiti wetu mikononi haguswi leo."

Ikaja sulhu. Sheikh Mizhir, mkubwa wa koo zote mbili, alisimama kati, akachukua bendera nyeupe, akaifunga fundo mbele ya wanaume wote. "Fundo hili ni shingo yangu," alisema. "Mtu akiuawa tena, wa upande wowote, limefunguka, na kila mtu atajitafutia." Chasib alirudi dukani siku ile akalia mbele yangu bila aibu. "Mama Hilali, mwanangu anaishi juu ya fundo la kitambaa," alisema. "Likifunguka, hata mimi siwezi kumficha." Tangu siku hiyo Sattar alikatazwa kubeba silaha, hata kisu cha samaki.

Wote walikubali ila Thijili. Alikubali shingo upande kwa kumwogopa sheikh. Na sheikh alikuwa mzee. Alipokufa, Thijili alipita mbele ya duka letu, akasimama makusudi ili asikike.

"Aliyefunga fundo kafa," alisema. "Fundo la maiti linafunga nini?"

Chasib alinyanyua kitambaa chake cha mafuta na kuendelea kufuta mtutu wa mtu.

Sasa nawauliza: angefanyaje? Amfiche Sattar nyumbani siku ya matanga? Mdhamini wako amekufa, shingo iliyokuwa dhamana yako, na wewe usiende kumlilia? Ingekuwa kumtemea mate kaburini, na sulhu ingevunjika kwa aibu kabla ya risasi. Ilibidi waende. Sattar akaenda mikono mitupu. Chasib akavaa bastola yake kiunoni, kwa sababu mtu wa umri wake hamuagi sheikh bila kupiga.

Matanga yalikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa matete kando ya mto. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ukuta wa matete tukipika wali, na ukuta ule una matundu, hakuna kinachotupita. Koo ziliingia moja moja, bendera mbele, wanaume wakirukaruka na kuimba sifa za marehemu, na kila kundi likifika uwanjani linapiga mbinguni. Nilidhani masikio yangu yatapasuka. Maganda ya kijivu yalidondoka kwenye vumbi kama mahindi. Chasib alipiga zake na watu wake, akilia. Thijili alipiga na watu wake, halafu akaongeza, akatia magazini nyingine iliyojaa risasi za chuma, akapiga tena peke yake mpaka wazee wakaguna.

Watu walipoketi kunywa kahawa, Chasib akaja upande wetu, akachuchumaa karibu na moto wangu, akatoa kifimbo na kitambaa mfukoni.

"Ee! Baba Sattar! Hata matangani?" nikamwambia. "Marehemu hajapoa kaburini na wewe unapangusa chuma?"

"Uchafu ukilala unaota mizizi," akasema. "Wewe sufuria lako unaliacha mpaka kesho?"

"Sufuria langu haliui mtu."

"Wali wako je?"

Hata pale alinichekesha. Akasugua lile tundu, akatia kidole chake cha mwisho, akakitoa kikiwa safi, akanionyesha kama mtoto anayeonyesha mikono kabla ya kula. Akajaza risasi zile zile za chuma, maana nyingine hakuwa nazo wala hakuzitaka, akaichomeka kiunoni, akarudi kuketi karibu na mwanawe. Bastola tupu ni nyundo tu, alizoea kusema hivyo.

Nilichungulia nimwone anakaa wapi. Ndipo nikamwona Thijili. Alikuwa amesimama kando ya jiko la kahawa, magazini ameitoa, na anafungua leso ya hariri kwa meno.

Nilipiga yowe. Sijui nilisema nini. Chasib peke yake alinielewa, kwa sababu alizoea sauti yangu. Aligeuka, akaona leso, akaona shaba, akaruka mbele ya Sattar na mikono ameitanua kama anazuia nyati.

Thijili akapiga. Risasi ilimwingia Chasib begani, ikatoka mgongoni na kipande cha mfupa. Damu iliruka ikawapata wazee waliokuwa wameketi, na birika la kahawa likapinduka. Chasib akaanguka juu ya mwanawe. Thijili akasogea hatua, akaelekeza mtutu kwenye kichwa cha Sattar, akavuta.

Kimya.

Akavuta tena. Akaitazama bastola. Akaivuta ile sehemu ya juu kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka, haikuja. Ganda la shaba lilikuwa limeng'ang'ania ndani kama kupe.

Na Chasib, wallahi, Chasib akacheka. Amelala kwenye dimbwi la damu yake anacheka. "Imekwama!" alipiga kelele. "Niliwaambia! Imekwama, haitoki bila fimbo! Hakuna aliyekufa! Jamani, hakuna aliyekufa!"

Wanaume wakamrukia Thijili. Walimpiga kwa bakora, kwa mateke, kwa birika la shaba. Nilisikia taya lake likivunjika, mlio kama wa tete kavu. Wa kwao Thijili walianza kunyanyuka, mikono kiunoni, na pale pale ukumbi mzima ungekuwa machinjio. Ndipo mzee Mnahi, baba yake Thijili, akavua kilemba chake, akakitupa chini katikati ya watu. Kwetu mzee akitupa kilemba kila mtu anasimama. Wakasimama.

"Fundo halijafunguka," Mnahi alisema, kichwa chake cheupe kiko wazi mbele ya watu, jambo ambalo hata mkewe halioni mara nyingi. "Chasib yu hai. Damu yake iko juu yangu, nitailipa anavyotaka yeye. Mwanangu ni mpumbavu, mfungeni. Baba Sattar, unasemaje?"

Chasib alikuwa anahema. "Nimesamehe," akasema. "Sitaki kitu. Nyote mmesikia? Nimesamehe. Fundo liko pale pale."

Nililia kwa furaha, nikamshika mwanamke aliyekuwa karibu nami nikambusu, wala simjui ni nani. Nilisema moyoni, ya Rabi, umemwokoa mwanawe kwa uchafu wa bastola ya mjinga.

Sattar alikuwa amepiga magoti nyuma ya baba yake, amemkumbatia, ameukandamiza mkono kwenye jeraha. Macho yake hayakuwa ya mtu anayesikia maneno. Mkono wake wa pili ulishuka. Nilidhani anamfungua baba yake mshipi apumue. Kumbe anachomoa bastola.

"Sattar, hapana," Chasib alisema. "Mwanangu, hapana, imekwisha."

Thijili alikuwa chini, mikono imeshafungwa, mdomo umejaa meno na damu. Sattar alimpiga ya kwanza usoni. Akampiga ya pili. Akaendelea kupiga, na mimi nilikuwa naomba, naomba kwa sauti, ikwame, ya Rabi, ikwame kama ile nyingine, na haikukwama. Kila alipovuta ilijibu. Maganda ya kijivu yalirukia kwenye majivu ya kahawa, moja baada ya jingine, mpaka magazini ikaisha na Thijili hana tena uso.

Mzee Mnahi aliinama, akakiokota kilemba chake, akakikung'uta vumbi, akakivaa.

Sattar alitoroka kwa mashua ya kusukumwa kwa mti, akaingia kwenye matete. Watu wa Mnahi walimpata kabla mpunga haujavunwa. Mwili waliuleta wenyewe, wakaulaza mbele ya duka la baba yake asubuhi, mahali ninapoweka beseni langu la malai, na risasi zote walizompiga zilikuwa za shaba. Chasib alimfunika kwa kitambaa chake cha mafuta kwa kuwa hakikuwapo kingine karibu. Mimi nilivua baibui langu nikaongeza.

Mkono wa kulia wa Chasib, upande wa lile bega, ulikufa, unaning'inia. Watu walidhani atafunga duka. Hakufunga. Anakuja, anakaa, ananitukana kidogo kuliko zamani, na mimi namtukana zaidi ili aamke. Hasemi juu ya siku ile. Mara moja tu nilimsikia akijiambia, akiangalia kile kidole chake, "Laiti ningekuwa mvivu."

Juzi alikuja mteja, mwanamume mgeni kutoka Amara, bastola yake mkononi, anatoka harusini na harufu ya baruti bado iko kwenye kanzu.

"Fundi, watu wanabishana," akasema. "Hizi za chuma, za rahisi, zinaaminika kweli kwenye bastola?"

Chasib aliifungua kwa mkono wake wa kushoto, akaishikilia kwa magoti, akatia kidole. Kikatoka cheusi tii. Nikangoja matusi. Nilikuwa na hamu nayo, nisiwafiche.

"Zinaaminika," akasema. "Zangu hazikukataa hata moja."

Akaifunga ile bastola, akampa vile vile na uchafu wake.

"Huisafishi?" yule mgeni akauliza.

"Nenda nayo hivyo hivyo, mwanangu," Chasib akamwambia, na akaniomba chai.