Maziwa ya Pangoni

Siku moja haijanitoka moyoni, mjukuu wangu. Nilikuwa bado bi arusi mgeni hapa karibu na Sironga, nimetoka kwetu Keroka, na mama mkwe wangu macho yalikuwa yanafifia. Aliniita asubuhi, ukungu haujaondoka migombani.

"Mokamwana," ndivyo alivyoniita mimi mke wa mwanawe, "nipeleke kilimani kabla giza halijanifunga."

Nikamshika mkono. Kilima chenyewe ni kidogo, wapitao barabarani hata hawakioni. Lakini tulipofika juu, yeye ndiye aliyeniongoza. Alipapasa mawe ya ukuta wa kale, akaniambia hapo ndipo vijana walipolala wakilinda ng'ombe. Kisha tukateremka hadi pangoni, akainama na kuingia kama aingiaye jikoni kwake.

"Askari wa wazungu walipochoma nyumba zetu, tulijificha humu," alisema. "Nilikuwa mchanga, nalia. Njaa ilikuwa imemkausha mama maziwa. Watu wakamwambia, mtoe huyo, atatuponza sote. Akasimama anitoe."

"Akakutoa?"

"Hapana. Mwanamke wa ng'ambo ya mto, wa ukoo ambao hata hatukusalimiana nao, alininyakua akanitia kifuani. Nikanyonya, nikanyamaza. Askari wakapita."

Alilia, nami nikalia naye. Sasa amelala kaburini pale nyuma ya nyumba, na miguu yangu imekataa mlima. Jioni hukaa mlangoni nikakitazama kilima, nikatamani kupanda naye tena, nisikie mkono wake mkavu ndani ya wangu. Uzee nao, jamani!

Na sasa nasikia nyinyi vijana mnanoa panga, nao wa ng'ambo wananoa zao, kila upande unadai kilima ni chake. Husemwa mla ni mla leo, mla jana kala nini. Usiseme hivyo kuhusu maziwa yale, mwanangu. Bila hayo babu yako hangezaliwa, wala baba yako, wala wewe.

Basi sikia langu. Weka panga chini. Wafuate vijana wenzako wa ng'ambo, mwende nao pangoni, mkae humo mwulizane majina ya bibi zenu. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sharti mmoja atangulie kuvuka.

Mungu akutangulize wewe. Mvua iwanyeshee kote kuwili, na kabla sijafumba macho nisikie ng'ombe wa mahari wakivuka mto ule.