Walijua Habari za Kupe Wangu

Mmeniomba nisimame nimshukuru Mungu kwa kunitoa kitandani. Nitamshukuru, maana ndiye aliyenitoa. Lakini bado nina hasira, akina mama, na sitaki kuifunika kwa wimbo halafu nikae chini. Mnivumilie niitoe yote.

Mimi ni Rose Nafula, mama yake Sharon. Nimekaa hapa mtaa wa Ziwani tangu marehemu mume wangu alipoajiriwa na kanjo, baraza la jiji. Wengi mnanijua kwa chapati na ndengu. Wengine mnanijua kwa sababu kondoo wangu wamekula sukuma wiki zenu na mkanitukana. Nina mbwa pia, Bosco, ambaye hulala mlangoni. Nilikuwa na afya. Ndoo ya maji nilikuwa naibeba kwa mkono mmoja huku nikisalimia watu.

Kila Jumapili tukitoka kanisani nilikuwa nakaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, namlaza kondoo mapajani na kumtafuta kupe. Masikioni, chini ya mkia, katikati ya miguu. Nikimpata namng'oa kwa vidole, nampasua kati ya kucha za gumba, damu inaruka, najipangusa kwa leso. Ndivyo nyanya yangu alivyonifunza kule Bungoma. Alisema kupe usipompasua atarudi. Wale wadogo niliwatupia kuku. Usinitolee macho, Mama Auma. Wewe ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na tulikuwa tunapasua pamoja tukipiga domo.

Mwaka jana walikuja watu wa chuo kikuu. Walikuwa na glavu, vibano na vichupa vidogo vya spiriti. Kiongozi wao, Daktari Wambui, dada mpole sana, aliniuliza, "Mama, tunaweza kutoa kupe kwa hawa wanyama? Tunaangalia kama wako na bakteria ya kugonjesha watu." Nikakubali. Nikamshikia kondoo mwenyewe, nikamshika Bosco mdomo asiume mtu, nikawapikia na chai. Nikauliza, "Na mkiipata?" Akasema, "Tutarudi tuwaambie." Mlishike hilo neno.

Mvua ilipoanza ndipo nilipougua. Nilikuwa nakanda unga, kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho. Jua likiwa utosini, meno yanagongana. Mgongo, magoti, viwiko, kila kiungo kiliuma. Kwapa la kushoto likavimba tezi. Na chini ya titi, pale sidiria inapobana, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama mtu amezima sigara pale. Hakikuuma. Nikadhani ni joto la jiko, nikanyamaza.

Nilienda kliniki ya barabarani. Kijana wa pale akanitoboa kidole, akaendelea na simu yake, halafu akasema, "Mathe, uko na malaria na typhoid kidogo."

Nikamwambia, "Sijatoka Nairobi tangu Krismasi. Malaria nimeitoa wapi?"

"Siku hizi iko kila mahali."

Nikadungwa matakoni mpaka nikashindwa kukaa. Homa haikushuka. Nikaenda kliniki nyingine, wakasema hiyo typhoid imepanda, wakaongeza dawa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifungue blauzi. Hakuna aliyeniuliza nafuga nini. Kidole tu, kidole tu, kana kwamba nilikuja nimebeba kidole na mwili nimeuacha nyumbani.

Vipele vyekundu vikatoka mikononi na miguuni, hadi kwenye viganja na nyayo. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikaanza kumwambia mume wangu, ambaye tulishamzika, awatoe kondoo kitandani. Sharon akasema, "Mum, hii si typhoid. Leo unaenda hosi kubwa hata kama ni kubebwa." Na kweli nilibebwa.

Daktari wa wodi alikuwa mama wa makamo. Akavuta pazia. "Mama, toa nguo zote nikuone." Niliona aibu, Sharon akanifungua vifungo mwenyewe. Daktari alipofika chini ya titi akasimama.

"Unafuga nini nyumbani?"

"Kondoo na mbwa."

"Wako na kupe?"

"Wengi."

"Unawatoa aje?"

Nikamwonyesha kwa kucha zangu. Akashusha pumzi. "Hii ni homa ya kupe, na hapa penye kidonda ndipo alipokuuma. Umekuwa ukitibiwa magonjwa ambayo huna. Ungekaa nyumbani wiki nyingine, figo zingekataa."

Akaniandikia doksisaiklini. Ni dawa ya kitambo, iko kwa kila duka la dawa, hata ile kemia iliyo mbele ya kliniki nilikodungwa. Niliinywa, nikatokwa na jasho likalowesha godoro, na kesho kutwa yake nikaomba uji. Sharon alilia akinilisha. Mimi sikulia. Nilikuwa nauliza kwa nini nilikaribia kufa kwa kitu ambacho dawa yake inauzwa karibu na kwangu.

Nikarudi nyumbani nimekonda, sketi imeshikwa na pini. Siku moja niko kwenye stuli yangu, ninaona wale watu wa vichupa wanaingia tena. Daktari Wambui akacheka, "Mama Sharon, umepungua!"

Nikamuuliza, "Kupe wangu mliwapata na nini?"

Kicheko kikaisha. "Tulipata bakteria. Kwa kondoo, na kwa mbwa pia."

"Lini?"

"Kitambo kidogo. Kabla ya mvua."

"Na ni ya kugonjesha watu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hamkurudi?"

"Tuliandika ripoti, ikachapishwa. Kurudi kwa wenyewe hakukuwa kwa mpango."

Nikamwambia, "Mimi ndiye nilikushikia kondoo." Nikafungua blauzi nikamwonyesha mahali palipokuwa panapona. Alivua glavu akakaa chini kwenye saruji. Nikamwambia leo hatoi kupe hata mmoja hapa kwangu mpaka aongee na watu wa Ziwani.

Alikuja Jumamosi, hilo nampa. Alisimama kwenye ukumbi akaeleza kila kitu, akapitisha picha ya kile kidonda kwenye simu. Mama Auma alikuwa ameketi karibu nami, amejifunika sweta mbili, anatetemeka. Alikuwa ametoka kliniki ileile ya barabarani. Picha ilipomfikia aliisogeza karibu na macho. Alichukua mkono wangu akauingiza chini ya leso, akauweka kwenye nyonga yake. Nikahisi kigaga kikavu.

"Rose," akaninong'oneza, "ni kama hii?"

Hatukungoja maombi ya kufunga. Tulimtoa mbio mpaka hospitali kubwa, na jioni ile alikuwa amekwisha kumeza kidonge cha kwanza. Simama, Mama Auma, wakuone. Huyu angekuwa kaburini, na tungesema ni malaria.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule kijana wa kliniki. Niliingia, nikafunga mlango, nikafungua blauzi bila kuombwa. Akaruka kwenye kiti. Nikamwambia, "Angalia vizuri. Hii ndiyo ile typhoid yako kidogo. Kesho atakuja mwingine, umvue nguo umwangalie." Ameniambia ataangalia. Nitapita tena kuhakikisha, na chapati zangu ananunua akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa akina mama, msipasue kupe kwa kucha. Vaa glavu, au hata karatasi ya nailoni, shika kwa kibano karibu na ngozi, vuta taratibu, nawa kwa sabuni. Wapulizie wanyama dawa. Ukiugua homa, mwambie daktari unafuga nini hata asipouliza, na ukague mwili wako ukisaidiwa na binti yako, hata pale pa aibu. Na mtu akija kuchukua kitu kwako akakipime, mwambie atakapojua arudi kukwambia kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Namshukuru Mungu kwa yule daktari aliyevuta pazia, na kwa Sharon aliyenifungua vifungo. Hasira haijaisha. Lakini wimbo mnaweza kuanza.