Mstaafu wa Makambako anayetembea bila msiba

Saa nne asubuhi, baridi ya Makambako bado haijaachia vidole vya watu, lakini vya Esnath Mgaya havisubiri jua. Amekaa kwenye benchi la stendi, kamera shingoni, anasuka kikapu cha milulu, zile nyasi ndefu za mabondeni. Ukingoni anazungushia uzi mwekundu na wa njano unaoumiza macho.

"Nataka uonekane kutoka mbali," anasema. "Bila huu uzi, mimi naua watu."

Wala hatanii.

Esnath, 63, alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini. Alipostaafu alitoa sehemu ya mafao akanunua kamera ya mitumba, akaanza kuzunguka. Leo yuko Ludewa anapiga picha milima, kesho yuko kwenye treni ya kuelekea Mlimba kwa ajili ya madaraja na mahandaki tu. Nauli inatoka kwenye vikapu, shilingi elfu kumi na tano kimoja.

"Nimeangalia mashuka maisha yangu yote. Sasa naangalia dunia."

Majirani walidhani amechanganyikiwa. Huku mtu mzima hafungi safari hivi hivi, na mgeni wa ghafla ana maana yake. Mzee hapigiwi simu ya habari ya kifo. Hutumwa mtu, naye akiulizwa kuna nini, hujibu "hakuna kitu", mpaka mwenye nyumba ale kwanza ndipo aambiwe.

Esnath aliyajua hayo tangu utoto, akayasahau siku moja tu. Mwaka jana alishuka Tandala kumtembelea dada yake, Hulda, 71, na kupiga picha mawingu yanavyojaa bondeni. Hulda alimkuta getini.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Nimekuja kutembea."

Hulda akaanguka pale pale.

Esnath hajakaa sawa, jirani ameshaangua kilio, mabenchi yameshatolewa nje, na mama mwingine anaingia na unga wa rambirambi. Watu wanalia, hawajui wanamlilia nani.

"Nikaanza kuhesabu ndugu mmoja mmoja," anasema. "Nikajiuliza, au kweli kuna aliyekufa, mimi ndiye sijaambiwa?"

Hulda, ambaye ana presha, alilazwa siku mbili. Akiwa kitandani alimuuliza mdogo wake swali moja: mara ya mwisho walionana lini bila jeneza? Wakakumbushana, wakashindwa. Hata picha zote walizopiga pamoja, wamejifunga khanga za msiba.

"Hilo lilinishtua kuliko kule kuanguka kwake."

Wakati wa kuondoka, Peace, binti wa Hulda, alimsindikiza kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno. "Mama mdogo, ukija tena hivi utatuulia mama. Subiri, tutakuita."

Hawakumwita. Miezi ikapita, na Esnath akaingiwa na hofu kwamba safari yake nyingine ya Tandala itakuwa ya kumzika dada yake. Ndipo akabuni uzi. Nani anakwenda msibani na kikapu chenye rangi za harusi? Alimpa kondakta kimoja amfikishie Hulda, na maneno haya: "Ukikiona mkononi mwa mtu, ujue anatembea tu."

Basi la kutoka Makete, linalopita Tandala, linaingia. Esnath anainua macho, na milulu inamponyoka. Anayeshuka polepole, kwa fimbo, ni Hulda.

Mikono ya Esnath inaruka kichwani. "Mungu wangu! Dada! Ni nani? Ni Peace?"

"Kamwene, mdogo wangu," Hulda anamsalimu. " Peace ndiye aliyenipandisha basi."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Esnath anapasuka kwa kilio. Wauza mahindi wanageuka, mpiga debe anavua kofia. Hulda anainua mkono wa kushoto mpaka mbele ya pua ya mdogo wake.

"Na hiki kikapu ulinitumia cha nini, kama wewe mwenyewe hukioni?"

Mpiga debe ndiye anayekabidhiwa kamera. Picha imepinda, na Esnath ana machozi mpaka kidevuni, lakini anaapa hataifuta. Ni ya kwanza yao bila msiba.

Wiki hii anapanga kumpandisha Hulda treni hadi Mlimba, akayaone mahandaki. Peace amekubali, ila wapige simu kila kituo.

Hata hivyo mchana, ugali ukiwa mezani, moyo wa Esnath bado haujatulia.

"Dada, kweli hakuna aliyekufa?"

"Kula kwanza," anajibu Hulda, kisha anacheka mpaka anashika mbavu.