Nepi Zilizokosa Jua

Mke wa marehemu kaka yangu amefua nepi za kitambaa kwa miaka kumi na minne katika kituo cha kulelea watoto wachanga. Wazazi wamelisahau jina lake, wanamwita Bibi Povu. Harufu ya mikojo ameizoea hivi kwamba akija kwangu huvuta pumzi na kusema, "Shemeji, nyumba yako hainuki chochote. Kweli unaishi humu?"

Kazi yake kuisimulia ni rahisi, kuifanya ndiyo shughuli. Anakung'utia uchafu chooni, analoweka, anafua kwa sabuni ya kipande, anasuuza maji matatu, anachemsha. Saa nne asubuhi nepi sitini ziko kambani mbele ya kituo, upande wa barabara, maana nyuma kuna ukuta wa ghala na jua halifiki. Saa tisa zimekauka kau. Yeye husema sabuni inawatisha vijidudu tu, anayewaua ni jua. Mimi sikusoma sana, lakini watoto wa kituo kile sikuwahi kusikia wana vipele.

Mwaka jana halmashauri ikashtuka kwamba mitaro imeziba kwa nepi za kutupa. Wakatenga fungu nono la kuwahamasisha akina mama warudi kwenye nepi za kufua. Tukasikia redioni, tukaona fulana, gari la vipaza sauti likapita mitaani hadi tukazijua nyimbo zake kwa moyo. Siku moja mabinti wawili wa kitengo cha uhamasishaji wakaja na kamera, wakampiga picha Bibi Povu akianika, amecheka hadi magego yote nje. Wiki mbili baadaye picha ile iko njiapanda, kubwa kama ukuta wa nyumba.

"Sasa tukitaka kukuona lazima tuombe miadi," nikamtania.

"Utapewa ya mwakani."

Bango halijamaliza mwezi, askari wa halmashauri akaja kituoni na barua. Kuanika nguo mbele ya jengo linalotazama barabara ni marufuku kwa sheria ndogo ya usafi wa mji. Kamba ziondolewe ndani ya siku saba. Bibi Povu akaisoma mara mbili, akamwuliza kama bango la njiapanda ameliona.

"Nimeliona, mama. Lile ni bango. Hizi ni kamba."

Bila kamba hakuna nepi kavu, na bila nepi kavu mfuaji ni wa nini? Ana miaka hamsini na minane. Hakuna pengine patakapomwajiri, na yeye alijua hivyo kabla hajaikunja ile barua.

Nikamsindikiza halmashauri. Afisa usafi, mtu mstaarabu tu, akatukaribisha viti. "Sheria ilipitishwa na madiwani, mama, mimi natekeleza. Nendeni uhamasishaji, wale ndio watu wenu."

Tukapanda ghorofa ya pili. Binti aliyempiga picha akamkumbatia, akawaita wenzake waje wamwone bibi wa kwenye bango. Bibi Povu akaomba kitu kimoja: barua ya kumruhusu abaki na kamba zake. Ikishindikana, basi ngazi ya kupandia juu ya paa la kituo, aanike huko.

"Bibi, fungu letu ni la kuhamasisha. Kamba na ngazi haviingii humo."

"Mnawahamasisha watu wafue. Wakishafua, mtoto avae mbichi?"

"Hilo swali zuri sana. Ngoja niliandike."

Akaliandika kweli. Akatuambia turudi Jumatano tumwone mkuu wake. Tukarudi Jumatano, mkuu yuko semina. Semina ya nini? Ya nepi za kufua. Tukapigwa kalenda hadi Ijumaa, na Ijumaa tukatoka na vipeperushi hamsini na fulana isiyomwenea.

Siku ya saba askari wakazikata kamba. Nepi zikaanikwa ndani, juu ya vitanda vya watoto. Mimi ni seremala mstaafu, najua unyevu. Unaweza kuushika ubao ukadhani umekauka kumbe ndani bado una maji. Siku ya tatu chumba kikaanza kuvunda, ya tano watoto wana vipele, na mama zao wananuna mlangoni.

Mwenye kituo akamwita. "Dada, nimevumilia. Kuanzia Jumatatu kila mzazi alete nepi za kutupa. Wewe nitakuweka jikoni nusu siku. Kama ukipenda lakini."

"Basi tumehamasika," akasema Bibi Povu, akaenda kumwaga maji ya mwisho.

Kuna mtoto mmoja ambaye nepi za kutupa zinamchubua hadi anatoa damu. Mama yake alimfuata Bibi Povu nyumbani, akamwomba huku analia. Kwa hiyo sasa akitoka jikoni anafua nepi nane, za mtoto mmoja, na kuzianika sakafuni, chini ya dirisha la chumba chake. Jua huingia pale kwa saa moja na nusu, upana wa mkeka. Jana nilimkuta amekaa chini anazisogeza, kila mara kidogo, kulifuata.

Nikavuta kigoda nimsalimie.

"Siyo hapo, shemeji," akasema bila kuinua macho. "Unanizibia."